Hawakubisha Hodi

Salma mjukuu wangu,

Assalamu alaykum kutoka hapa Mankhool, Dubai. Babu yako hajambo, anagombana na kiyoyozi tu, na mamako mdogo amepata kazi ya ofisini, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama urudi, maana mwezi mzima uko Kanada na hujajuana na mtu. Ngoja nikwambie.

Nilipokuwa msichana Mombasa, sinema ya Jumapili alasiri ilikuwa ya wanawake peke yetu. Siku moja tulionyeshwa familia za Kizungu zikihamia magharibi ya Marekani kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Wanavuka mito, wanazika watoto, wanasonga mbele. Vigelegele ukumbi mzima! Wakafika bondeni penye mahema ya wenyeji, wakaanza kujenga. Hapo mama yangu akasimama na buibui lake, akapaza sauti: "Mbona hawakubisha hodi?" Watu wakacheka. Mimi niliona haya.

Babu yako aliponileta Dubai, wiki mbili nililia. Ya tatu nikayakumbuka maneno ya mama. Nikapika mahamri, nikajaza sahani, nikagonga kwa jirani, mama wa Kihindi ambaye lugha yake siijui. Kesho yake sahani ikarudi na wali wa ndimu. Mpaka leo inakwenda na kurudi.

Basi usirudi. Hiliki nimekutumia. Pika, jaza sahani, ukabishe hodi. Wasipofungua, kesho ubishe tena.

Bibi yako