Sauti ya Baba kwenye Chaneli ya Saba

Jumatatu, 3 Juni

Risiva ya maiki yetu isiyo na waya imeanza tena kwikwi. Neno linatoka, neno linamezwa. Nilisimama jukwaani peke yangu nikasema "moja, mbili, tatu" – spika zikatoa moja na tatu. Mbili sijui ilikwenda wapi. Jua la alasiri limelala juu ya viti vitupu, vumbi linaelea, nami nimekaa sakafuni kuisubiri hiyo mbili. Fundi mzima!

Jumamosi Baba anaongea hapa. Wanafunzi wake wa zamani wamemwandalia hafla. Jumanne inayofuata anapasuliwa koo, na daktari hakuzunguka mbuyu: huenda sauti isirudi. Hata sasa imebaki mnong'ono. Nilimwomba atumie maiki ya waya, haina matata. Hataki. Anasema miaka thelathini na minne alifundisha akitembea katikati ya madawati, hatafungwa kamba leo kama mbuzi.

Jumanne, 4 Juni

Betri mpya – wapi! Antena nimezikaza, nimezipanua kama masikio ya sungura – wapi! Nikaizima maiki, nikaacha risiva wazi, nikasikiliza.

Ukumbi ukaniambia: "Vuta pumzi... polepole... achia."

Sauti ya mwanamke. Laini, kama inatoka ndani ya maji. Nikavuta pumzi. Nikaachia. Sikuogopa hata kidogo, ndiyo ajabu yake. Mlinzi wetu – tunamwita Funguo, kwa shada la funguo linalomlegeza suruali – alikuwa mlangoni na ufagio wake, naye anavuta pumzi! Akasema ukumbi umepata jini, ila jini mwenye adabu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Nyumbani bado naisikia. Achia...

Jumatano, 5 Juni

Jini nimempata. Yuko ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vitambaa – mwalimu wa mazoezi ya wajawazito. Maiki yake imekaa chaneli moja na yetu. Aliniona na antena mkononi, akaelewa kabla sijasema. Kumbe naye tangu Jumatatu anasikia mtu akihesabu moja, mbili, tatu, na wanafunzi wake wanafuata!

Akauliza nani ataongea Jumamosi. Nikamweleza. Akaweka mkono kifuani. Kisha akasema siku hiyo atafundisha kwa mdomo mtupu, hatawasha kitu. Wala sikuwa nimemwomba. Nikamshukuru, nikarudi, nikahamisha yetu chaneli ya saba hata hivyo.

Sauti yake imetoweka. Ukumbi umekuwa mpweke. Na kwikwi? Imepungua, haijaisha. Kosa halikuwa moja.

Alhamisi, 6 Juni

Baba, wakati wa chai, aliniuliza kama mashine yangu nayo inaumwa koo. Nikacheka. Nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Anaitunza sauti. Siku mbili hizi ananiitikia kwa kichwa, kwa kidole, kwa nyusi. Yote ni ya Jumamosi. Niandike ukweli, hakuna anayesoma: nina wivu. Na watu wazima wenye mvi waliokaa darasani kwake! Mimi nilipelekwa shule nyingine, isije ikasemwa anampendelea binti yake. Zile hotuba zake nzuri nimezisikia kwa kusimuliwa tu.

Sijamwambia. Nitamwambiaje, na atanijibu kwa sauti gani?

Ijumaa, 7 Juni

Nimeipata!! Au Funguo ndiye kaipata, kwa ufagio. Alichomoa waya wa ile skrini mpya ya jukwaani ili afagie nyuma yake, mimi huku nahesabu – na hesabu ikatoka nzima, moja hadi ishirini, safi kama maji ya mtungi. Akachomeka: kwikwi. Akachomoa: shwari. Skrini ndiyo inaichafulia risiva mawimbi, na mimi ndiye niliyezipanga mgongo kwa mgongo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Risiva nimeihamishia mezani kwangu, nyuma ya viti, antena juu. Nimetembea na maiki ukumbi mzima hadi mlangoni, nikisema majina ya miti yote ninayoijua. Hakuna hata mmoja uliopotea. Miguu kama haigusi chini.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika hapa hapa mezani, mikono ipate kazi. Skrini imezimwa. Watu wamejaa hadi ukutani.

Anaongea. Mnong'ono, lakini umejaa ukumbi wote, uko sikioni mwa kila mtu. Anatembea kati ya viti. Anamgusa bega huyu, anamtania yule kuhusu hesabu za kugawanya. Mzee mwenye upara anafuta macho kwa tai. Hakuna silabi iliyomezwa – hakuna!

Sasa kasema wamsamehe, bado ana maneno machache, na si yao.

Taa ya risiva imezima. Wote wamenigeukia, Funguo anaonyesha betri kwa vidole. Mashine haina kosa. Nimekiona kidole gumba cha Baba kikiizima maiki.

Anakuja huku. Polepole, anashika migongo ya viti. Hata viatu vyake nasikia. Safu ya tano kutoka kwangu. Ya nne. Ananitazama mimi, midomo imeshaanza kufunguka – naweka kalamu.