Jina Chini ya Wimbo

Edinburgh, 9 Februari 2026

Papa mupendwa,

Salamu toka kwenye baridi. Mafua yamepungua. Mugongo wako unaendeleaje? Na mama je?

Hapa ninasoma namna Waskoti wa zamani walivyochukua nyimbo za harusi na za wachungaji wa kondoo, wakaziandika kwa nota, wakaziwekea sauti nzito chini yake kama Waitalia. Violoni ya mulimaji ikaingia sebuleni kwa tajiri. Kinachoniuma: mara nyingi tajiri aliandikwa jina, mulimaji hapana.

Ule wimbo wako wa ng'ombe, uliourekodi na lulanga yako ya nyuzi nane, nimeuandikia selo mbili, zile violoni kubwa za sauti nzito. Tutaupiga tarehe ishirini.

Mutoto wako, Nshobole

Goma, Majengo, 12 Februari

Mutoto wangu,

Mugongo bado ni wangu, hakuna aliyeuomba. Mama yako aliyasalia mafua yako rozari nzima, usiishukuru dawa.

Kumbe ubao wa nyuzi nane, uliochongwa kule Walungu, utakaa na selo. Babu yako angeuliza kama mugeni huyo wamemupa kasiksi, pombe ya ndizi, kwanza.

Lakini andika tu "wimbo wa zamani wa Bashi", wa kabila letu, bila jina. Babu aliutunga kumucheka chifu aliyehesabu ng'ombe za jirani kuwa zake. Chifu alikufa, ila siku hizi kila mukubwa akiusikia anajipata ndani. Mimi nilikuimbia wewe, mulango umefungwa.

Papa yako

Edinburgh, 21 Februari

Papa,

Mwamukaje wote? Mafua yameisha. Jana watu walisimama kupiga makofi.

Ulitaka niandike "wa zamani" tu. Papa, huo ni unyenyekevu wako, na hivyo ndivyo walimaji wa huku walivyopotea. Nimeandika: "Muzee Baharanyi, mupiga lulanga, Majengo, Goma." Na picha. Chuo kimeweka yote kwenye intaneti, hata maneno na maana yake. Hakuna atakayekuibia jina.

Mutoto wako, Nshobole

6 Machi

Mutoto wangu,

Tuko wazima, kwa leo. Nawe?

Jumanne walikuja wanaume wawili, viatu safi. Mama yako akawapa chai. Walikaa kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo ilinitisha. Mumoja akafungua telefone, selo zako zikalia. Nzuri, sitakuficha.

"Muzee, huyu mukubwa wa ndani ya wimbo ni nani?"

"Alikufa kabla sijazaliwa."

"Basi tutakuletea aliye hai, umwimbie."

Tumehama. Lulanga nimeipasua, ikapikia maharage, yaliiva haraka. Toa jina langu. Barua zako nazifuta kwenye telefone kila nikimaliza kusoma.

Wale walimaji wako: uliuliza nani aliwasahau. Hukuuliza nani alikuwa anawatafuta.

Papa yako

Edinburgh, 7 Machi

Papa,

Pole, wewe na mama. Jina nimelitoa, na picha. Lakini watu walishaichukua, inazunguka. Siwezi kuifuata kila telefone. Nisamehe. Usiniambie muko wapi. Niambie tu kama mumekula.

Mutoto wako

Goma, 13 Machi

Nshobole. Niko salama. Tuma majina ya ndugu zako wote walio Goma na mahali wanapokaa. Haraka.

Baba

Edinburgh, 13 Machi

Kwa aliyeshika telefone hii,

Habari za huko. Mimi muzima.

Umekosea mutu. Ule wimbo niliutunga mwenyewe, maneno na sauti. Jina nililoweka lilikuwa la kubuni, na picha niliiokota. Mwenye maswali aniulize mimi.

Sina papa Goma.

Nshobole