Muhuri wa Ofisi Ndani ya Wimbo wa Binti Umeme

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana usingizi umenipaa.

Mimi ni karani wa ofisi ya usajili, na baada ya kazi mimi ni sauti ya Binti Umeme, yule mwimbaji asiye na mwili, anayeonekana kwenye skrini tu na nywele zake za buluu, ambaye vijana wa mji huu hucheza nyimbo zake kwenye lile ghala la zamani la saruji, pale ambapo muziki wote hutoka kwenye kompyuta na hakuna anayeshika hata gitaa. Rafiki yangu anamchora, dada yangu anatengeneza midundo, nami naimba ndani ya kabati la nguo ili kelele za barabarani zisiingie, kisha sauti yangu inapitishwa kwenye mashine mpaka hata mama hanitambui. Tatizo ni mdundo. Muhuri wa ofisi yetu una mpini uliolegea, ukigonga karatasi unalia mara mbili, ta-tap, nami niliurekodi kwa simu bila kumwomba mtu ruhusa, dada akaugeuza ngoma, na wimbo huo ndio uliotupatia onyesho la Jumamosi.

Wiki iliyopita binti wa bosi alikuja ofisini akiusikiliza wimbo huo, bosi akasimama ghafla, akasema, “Hee! Mbona ngoma hii naijua?” Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Tangu hapo anaupiga kwa mluzi kwenye korido, na jana ameniambia, “Karani, Jumamosi nampeleka mwanangu kumwona huyo msichana wa umeme. Na wewe njoo, upumzishe macho na makaratasi.” Na safari hii Binti Umeme atazungumza na watu papo hapo, yaani mimi nyuma ya pazia na kipaza sauti, bila ile mashine ya kubadili sauti. Dada anasema, “Ukikimbia, tutabaki na picha inayochezesha mdomo.” Nikienda, bosi atanijua anifukuze kazi, nisipokwenda, nitakuwa nimemuua Binti Umeme kwa mikono yangu. Nifanyeje?

Karani Mwoga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza vuta pumzi, maana barua yako haina pa kupumulia.

Ulitoa siri ya mteja? Hapana. Ulirekodi kipande cha mbao. Lakini ofisi si kabati lako la nguo, na kurekodi bila kuomba ni utovu wa adabu; hapo sikutetei. Mficha uchi hazai. Mtu anayepiga wimbo wako kwa mluzi hajakasirika. Anawashwa na kutojua aliisikia wapi ngoma hiyo; mkune.

Kesho asubuhi, kabla wateja hawajaingia, mwendee. Usijikunyate kama paka aliyelowa. Sema, “Bosi, ngoma ile unaijua kwa sababu ni muhuri wetu. Niliurekodi mimi, nilikosea kutoomba, naomba leo.” Kisha ugonge mbele yake asikie. Atakufokea? Huenda. Kufokewa si kufukuzwa. Akikataa, dada yako aufumue mdundo, atafute hata mfuniko wa sufuria. Mwimbaji hafi kwa kukosa muhuri. Akikubali, mwombe akae mbele na mwanawe.

Na Jumamosi nenda, ruhusa iwepo isiwepo. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Watu wa ghalani wana mashine za kutosha. Wanakuja kusikia kama kuna mtu ndani. Neno lako la kwanza liwe salamu. Ghala zima likikuitikia, hutapata hata nafasi ya kuogopa.

Ila nakuonya jambo moja: usimruhusu bosi autengeneze ule mpini.