Mlima wa Honoré

Alhamisi, 10 Novemba 1977

Jumamosi Honoré anatimiza miaka sita. Nimemwomba Papa aniachie sherehe ya mdogo wangu. Sitaki watoto wale biskuti tu na kurudi kwao — wataona expérience, jaribio la kweli! Masera, mtawa anayetufundisha kemia, amenipa bikarbonati kidogo katika karatasi. Siki iko jikoni. Nitajenga mlima wa moto kwa udongo, na shimo juu. Papa alicheka: mwalimu wetu huyo, asituchomee nyumba. Nilitembea na neno hilo siku nzima. Mwalimu.

Ijumaa, 11 Novemba

Mlima umekauka vizuri. Chini yake nimepanga viberiti vitupu, ndizo nyumba. Maharagwe ndio watu. Honoré amemwalika Emérence, yule wa nyumba ya pili, aliyeletwa mwaka huu kutoka Goma akae kwa tantine yake, Maman Monique. Hana rafiki mwingine hapa Nguba. Huja karibu kila siku, wanachimba mashimo yao uani.

Jumamosi, 12 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nilieleza polepole, kama Masera. Emérence alikuwa akiyaingiza maharagwe katika viberiti. Moja alilishika juu, akatuonyesha: nyanya yake. "Huyu ni koko. Iko ndani, anapika." Tukacheka sote. Kwetu mgeni hutangulizwa, basi kikombe cha siki nilimpa yeye. Nilikuwa nimetia sharubati ya grenadine iwe nyekundu. Honoré alinung'unika kwamba anniversaire ni yake. Nikamwambia awe na adabu.

"Mwanga, chérie," nikamwambia Emérence.

Akaimwaga siki shimoni.

Povu lilipanda, likashuka upesi, likafika kwenye nyumba. Watoto walipiga makofi. Mimi pia — nilikuwa nawatazama wao. Nilipomwangalia Emérence, mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya povu. Anafungua viberiti, anatoa maharagwe, anayatia katika gauni. Karatasi ya viberiti imeloa, inachanika. Hakulia. Kisha akakimbia nje bila viatu.

Mama alinivuta jikoni. Aliuliza kama nimesahau Nyiragongo, mlima wa Goma, na moto ulioshuka mwezi wa kwanza. Nyanya yake Emérence alibaki katika nyumba.

Sikusahau. Hilo ndilo baya. Tuliwaombea kanisani. Darasani nilieleza kwa nini moto ule ulikimbia kama maji, nikasifiwa. Nilijua yote, na kikombe nikampa yeye.

Jumapili, 13 Novemba

Sikukomunika. Baada ya misa tulikwenda na Mama kwa Maman Monique kuomba msamaha. Akatutolea viti, akatupa chai. "Acha, mutoto yangu. Haukujua."

Ningesema kwamba nilijua. Nikanywa chai.

Emérence hakutoka chumbani. Viatu vyake nimeviacha mlangoni.

Jumatano, 16 Novemba

Honoré anachimba peke yake. Ameniuliza mimi, dada yake: "Yaya, ulimufanya nini?" Nikasema nina kazi ya shule. Mezani Papa aliniita tena mwalimu. Nilimwomba aniite Virginie tu. Alinitazama, akaendelea kula.

Nilitaka kuuvunja mlima. Honoré amekataa, ni wake. Uko nyuma ya jikoni, chini ya beseni.

Jumapili, 20 Novemba

Wazazi wamekwenda Katana kumwona mgonjwa. Nilikuwa nafua soksi nilipomsikia Honoré akipiga kelele langoni. Emérence! Amevaa viatu vyake. Hakunisalimu. Aliuliza: "Ule mulima, iko wapi?"

Nilimwambia tuchimbe, au tuimbe. Akangoja. Honoré akaondoa beseni.

Maharagwe yalikuwa mfukoni mwa Emérence, yale yale. Honoré akatafuta viberiti. Emérence akawaweka watu wote ndani, kila mmoja mahali pake. Halafu akaanza kuwatoa. Mmoja mmoja, kwa vidole viwili, anawapeleka mpaka kwenye kizingiti cha jikoni na kurudi. Alipowatoa nusu yao akanipa kikombe kitupu.

"Leo ni wewe utamwanga, yaya."

Nikasema naenda kutafuta siki. Chupa iko hapa mezani, karibu na mkono wangu. Ninaandika. Sijui kama ni dhambi nyingine kumwaga, au kutomwaga.

Honoré ananiita: "Yaya, leta basi! Tumechoka!"

Na sauti ya Emérence, bila hasira:

"Ungoje. Koko hajatoka. Anatembeaka polepole."