Kiti cha Nyuma

Mume wangu,

Huku wazima, na paa limeacha kuvuja. Nilikwenda dukani kukuchagulia ile pikipiki ya magurudumu manne ya kuzururia milimani, kama ulivyoniagiza. Ya bluu ina nguvu, nyekundu ni nyepesi matopeni. Muuzaji akaniambia springi hukazwa kulingana na uzito wa wapandaji. "Shemeji, bwana alipopiga simu alisema abiria wake ana kilo hamsini." Kisha akanitazama vizuri, akainamia springi.

Mimi kilo hamsini niliziaga kabla ya harusi, na wewe unajua.

Nimechukua nyekundu. Kiti cha nyuma nimemwambia akifungue. Nimekuja nacho nyumbani, na sasa nakuandikia nikiwa nimekikalia.

Mkeo, mzito vilevile.