Nilimwita Nekesa Amlishe Bosi Keki

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya Julai ile ya kuingia mpaka kwenye soksi. Nimefika nyumbani Dagoretti Corner, nimevua viatu, chai imepoa mbele yangu. Naona aibu. Sina neno la kuipamba.

Ofisini kwetu Hurlingham, tunakouza bima, mimi ndiye msema chochote wa sherehe. Siku ya kuzaliwa ya mtu ikifika, naagiza keki, nashika mwiko kama maikrofoni na kuita majina: fulani aje amlishe mwenye siku, sasa fulani. Si mnatujua Wakenya na kulishana keki. Nikishika ule mwiko mdomo wangu hauna breki, na kusema kweli napenda watu wakinichekea.

Leo ilikuwa zamu ya bosi.

Asubuhi Nekesa alinifuata jikoni. Ndiye msichana wetu mpya wa mapokezi. Bado yuko kwenye miezi ya majaribio, na atakayeamua kama anabaki ni bosi huyo huyo. Aliongea chini chini, akiangalia mlango.

"Wambui, leo kwa keki usiniite, please. Ile birthday ya Otieno tukipiga picha, huyo mzee bosi alinishika vibaya."

"Usijali, mrembo. Si mi ndio naita majina?"

Nilimwahidi hivyo, kwa mdomo huu huu.

Wakati wa chai tukakusanyika. Nikawaita watu wa idara ya madai, nikamwita Otieno wa uhasibu, kila mmoja akamlisha bosi kipande, tukacheka. Nilikuwa nimemaliza. Bosi akafuta mdomo, akatazama kule nyuma.

"Na wa reception je? Ama huyo ananiogopa?"

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi. Nilihitaji kusema jambo dogo tu: "Bosi umeshiba, sasa tukate ya watu." Pengine hata yeye angecheka. Tangu nifike nyumbani nimelisema mara kadhaa, na linatoka vizuri kabisa.

Badala yake nikapaaza sauti: "Nekesa, songa mbele, usituaibishe!"

Akaja. Bosi akamshika mkono, akala keki pamoja na vidole vya msichana. Mkono wake mwingine ulikuwa kiunoni mwa Nekesa, kisha ukateremka. Hakuwa na haraka ya kumwachilia. Tabasamu lilikuwa limemganda msichana wa watu usoni. Otieno akajitia kusoma simu. Mimi nikaanzisha makofi.

Nikaanzisha makofi!

Baadaye nilimkuta Nekesa kwenye sinki akinawa, sabuni juu ya sabuni. Nikamwambia, "Pole, unajua tu vile mzee huwa."

Hakugeuka. "Nilikuambia," akasema. Akafunga mfereji, akarudi mezani kwake kupokea simu za wateja.

Njia nzima nimekuwa nikimlaumu bosi, na anastahili. Halafu nikamlaumu Otieno. Lakini Otieno hakuwa ameombwa kitu na mtu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkubwa lazima alishwe na kila msichana ambaye yeye anamtaka. Tumeizoea tu desturi hii, na imedumu kwa sababu kuna mtu kama mimi wa kuita majina. Hata nikijitetea vipi, narudi hapo hapo.

Jioni hii nimemwandikia Nekesa kwamba akikubali, kesho naenda kwa mama wa HR, msimamizi wa wafanyakazi, kueleza nilichoona. Najua kazi yake iko hatarini. Yangu pia, na hilo limenitia hofu zaidi kuliko ningependa kukiri.

Jibu lake limeingia nikipeleka kikombe jikoni.

"Enda. Lakini usianze na bosi. Anza na vile nilikuomba usiniite."

Nimelisoma nikiwa nimesimama. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nimepanga kuiruka.

Kesho nitaanza nayo, sauti itetemeke isitetemeke.