Honi tatu za babu

Nasiba, tangazo rasmi: mimi, fundi mkuu wa Kamembe nzima, leo nimefufua pikipiki ya marehemu babu. Imeunguruma kutoka kona hadi kwetu, ikazimika mlangoni.

Lakini nilikuwa nimeshapiga honi tatu, kama babu alivyozoea akirudi kutoka Bugarama. Nilitaka kumshtua nyanya kidogo tu.

Hakushtuka. Unajua macho yake hayaoni vizuri. Alitoka na beseni la maji ya kunawa, akasema, "Umekawia, mzee."

Umekawia, mzee. Nasiba, nilimpa mikono, akaniosha grisi kidole kwa kidole.

Halafu akakigeuza kiganja changu. "Mikono yake haikuwa laini hivi, Ndizeye."

Nikasema, "Ni mimi, nyanya. Nisamehe."